Seva ilizimika usiku wa manane, arifa ikaja saa tatu asubuhi

*"Ninasimamia peke yangu mtandao wenye vifaa 43, na nimeweka programu ya ukaguzi, Nagios Core, kwenye seva moja ya Linux ili iniangalizie. Nilifuata mafaili ya mfano yaliyokuja na programu, nikajiandika kuwa mpokeaji wa arifa kwa barua pepe, na muda wangu nikauweka 24x7. Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa 7:40, seva ya hifadhidata ilizimika. Barua pepe ya kwanza iliingia saa 3:00 kamili asubuhi, watumiaji wakiwa wamekwisha kulalamika. Jumamosi mchana seva nyingine ikaanguka, nami sikupata neno hadi Jumatatu, saa 3:00 asubuhi vilevile. Ajabu ni kwamba kwenye ukurasa wa Nagios zote mbili zilikuwa nyekundu, zimeandikwa DOWN, muda wote huo. Kisha Jumanne, saa 5 asubuhi, swichi moja ya mtandao ilikatika umeme nikapata barua 27 ndani ya robo saa. Nimefikiria kuiondoa programu na kuisakinisha upya, au kuifanya ikague kila nusu dakika. Nimekosea wapi?"*

Ndugu msomaji, umenirahisishia kazi kwa kutaja saa. Mtu akiniambia tu kwamba arifa hazimfikii, hunibidi kubahatisha. Wewe umesema zinakufika, ila zinakufika saa 3:00 kamili, si saa 2:51 wala saa 3:04, na ya Jumamosi ikangoja mpaka Jumatatu. Programu iliyoharibika haina adabu ya kusubiri ofisi zifunguliwe. Hiyo ni programu inayotii agizo, na agizo lenyewe limo katika mafaili yako ingawa hukuliandika kwa mkono wako. Kwa hiyo usiisakinishe upya: utayarudisha mafaili yaleyale ya mfano, na agizo lilelile pamoja nayo.

Kabla ya kuonyesha lilipo, niondoe dhana mbili zilizo katika swali lako. Ya kwanza ni kwamba ukaguzi na arifa ni kitu kimoja. Sivyo. Nagios hukagua kifaa na kuandika hali yake, na hiyo ndiyo rangi nyekundu uliyoiona. Kuamua kama mtu aambiwe ni kazi nyingine inayofuata baadaye, yenye masharti yake. Ndiyo maana kukagua kila nusu dakika kusingekusaidia kitu. Seva yako ilijulikana kuwa imezimika usiku uleule; kilichokosekana ni ruhusa ya kukuamsha. Dhana ya pili ni kwamba mpokeaji akishaandikiwa 24x7, basi ataarifiwa saa zote. Mpokeaji ana lango lake, lakini kifaa nacho kina lango lake, na la kifaa ndilo linalotangulia. Wewe umefungua mlango wa chumbani huku geti la nje limefungwa.

Sasa fungua faili linaloitwa `templates.cfg`, penye violezo (mipangilio ya pamoja ambayo vifaa huirithi) ambavyo mafaili ya mfano huvitumia, utafute kiolezo cha `linux-server`. Ndani yake utakuta mstari `notification_period workhours`, na pembeni yake maelezo ya waandishi wa programu, yenye utani kidogo, kwamba wasimamizi wa Linux hawapendi kuamshwa usiku na kwa hiyo wataarifiwa mchana tu. Kisha fungua `timeperiods.cfg` uone maana ya `workhours`: Jumatatu hadi Ijumaa, 09:00 hadi 17:00, yaani saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hilo ndilo geti lako. Cha kuchekesha ni kwamba violezo vya seva za Windows na vya swichi katika faili hilohilo vimewekewa 24x7, hivyo mtu mwenye vifaa mchanganyiko huona arifa nyingine zikija usiku na nyingine zisije, akaamini kwamba programu ina kigeugeu.

Na kwa nini saa 3:00 kamili? Tukio linapokwama kwenye muda wa kifaa, Nagios hailitupi. Huliahirisha hadi dakika ya kwanza ya muda unaoruhusiwa, na ikiwa kifaa bado kimezimika dakika hiyo, arifa hutoka. Lango la mpokeaji halina fadhila hiyo: arifa ikimkosa mtu kwa sababu muda wake mwenyewe haujafika, hawekewi akiba, bali husubiri arifa ya kurudia kama itakuwapo. Iweke tofauti hii akilini siku utakapoanza kugawa zamu.

Hebu nikupitishe kwenye usiku ule hatua kwa hatua, maana ukiuelewa mmoja utaielewa mingine yote. Kiolezo cha `linux-server` kinasema kifaa kikaguliwe kila dakika 5, kikishindwa kukaguliwa mara moja kirudiwe kila dakika 1, na kisihesabiwe kuwa kimezimika kwa hakika mpaka kishindwe mara 10. Hizo ni dakika kwa sababu kipimo cha msingi, `interval_length`, ni sekunde 60 usipokibadilisha. Seva ikazimika saa 7:40. Ukaguzi uliofuata, tuseme wa saa 7:43, ukashindwa; hapo hali ikaandikwa DOWN ya muda, ile inayoitwa SOFT, jaribio la 1 kati ya 10. Majaribio tisa mengine yakafuata, dakika moja moja, na ilipofika saa 7:52 hali ikawa ya kudumu, HARD. Hapo tu ndipo swali la arifa lilipoulizwa kwa mara ya kwanza. Je, arifa zimeruhusiwa katika programu nzima? Ndiyo. Je, kifaa kimepangiwa matengenezo saa hizi? Hapana. Je, kinayumbayumba, kikiwaka na kuzimika mfululizo? Hapana. Je, DOWN imo katika aina za matukio ambayo kifaa hiki kinaruhusiwa kuyatangaza? Imo. Je, sasa ni saa za kazi? Hapana. Mjadala ukafungwa, na jina lako wala halikufikiwa.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, faili la kawaida la kumbukumbu, `nagios.log`, halitakuonyesha, kwa kuwa huandika arifa zilizotoka na si zilizozuiwa. Katika `nagios.cfg` weka `debug_level=32` kwa muda mfupi, kisha usome faili la uchunguzi linalotajwa humo humo; litakuambia ni sharti gani lililoizuia arifa. Usilisahau likiwa wazi, kwani hunenepa upesi.

Dawa ni fupi kuliko maelezo yake. Ningekushauri usikihariri kiolezo chenyewe, kwa sababu atakayekuja kurudisha mafaili ya mfano, na huenda akawa wewe mwenyewe, atakifuta ulichobadilisha pasipo kujua. Andika kiolezo chako katika faili lako, nalo faili hilo ulitaje kwenye `nagios.cfg`:

```
define host {
    name                  seva-muhimu
    use                   linux-server
    max_check_attempts    3
    notification_period   24x7
    contact_groups        +zamu
    register              0
}

define host {
    use                   seva-muhimu
    host_name             hifadhidata
    address               192.0.2.25
    parents               swichi-b
}
```

`register 0` huiambia Nagios kwamba hiki ni kiolezo tu, si kifaa cha kukaguliwa. Alama ya kujumlisha mbele ya `zamu` ni ndogo lakini ina uzito: bila hiyo, kundi unaloliandika hulifuta lile lililorithiwa kutoka kiolezo cha juu; alama ikiwapo, makundi yote mawili hupata arifa. Nimeona watu wakiongeza kundi jipya kwa nia njema, na tangu siku hiyo kundi la zamani likanyamaza pasipo mtu kugundua kwa miezi. Kundi lenyewe la `zamu` lazima nalo lielezwe kwa `define contactgroup`, likiwa na majina ya wanachama wake; mtu aliyeandikwa kuwa mpokeaji lakini hayumo katika kundi lolote linalotajwa na kifaa, wala hajatajwa na kifaa moja kwa moja, hatapata chochote hata anwani yake iwe sahihi kiasi gani. Huduma zinazokaguliwa juu ya kifaa hicho, zisipotajiwa kundi wala muda na zenyewe wala kiolezo chake, huvichukua kutoka kwa kifaa.

Idadi ya majaribio nimeishusha kutoka 10 hadi 3, nawe upime. Kwa 10, waweza kukaa karibu robo saa kabla ya kuambiwa. Kwa 3, kama dakika 7 hivi kwa hali mbaya kabisa. Ukishuka hadi 1, kila pakiti chache zitakapopotea utaamshwa, na baada ya wiki mbili utazima simu usiku, jambo ambalo ni baya kuliko kuchelewa. Tena kumbuka kile kinachopimwa: ukaguzi wa kawaida wa kifaa, `check-host-alive`, hutuma pakiti 5 za ping, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo, na kutangaza DOWN zote zikipotea au majibu yakichelewa kupita sekunde 5. Seva iliyofunga ping kwa ukuta wa moto itaonekana imekufa ilhali inafanya kazi, na hifadhidata iliyoanguka ndani ya seva iliyo hai haitaonekana kabisa mpaka uikague kama huduma yenyewe.

Neno moja kuhusu saa, kwa kuwa ni mtego wetu sisi tunaozungumza Kiswahili. Mafaili haya husoma saa 24 kuanzia usiku wa manane. Nimewahi kukuta muda wa zamu umeandikwa 03:00-11:00 na mtu aliyekusudia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Faili likapita ukaguzi bila kulalamika, kwa maana hakuna kosa la uandishi hapo, na arifa zikawa zinakoma saa tano asubuhi kila siku. Halikadhalika, Nagios hufuata saa ya seva iliyomo. Seva ikiwa imewekwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, 09:00 yako si 09:00 yake. Kwako wewe saa iko sawa, maana arifa zilikuja saa 3:00 kwa saa ya ukutani.

Tuje kwenye barua 27 za Jumanne. Nagios haikujua kwamba vifaa vile vingine 26 viko nyuma ya swichi ile. Iliona vifaa 27 vilivyozimika, ikavitangaza vyote. Ndiyo kazi ya mstari wa `parents` uliouona hapo juu. Ukiandika kwamba mzazi wa `hifadhidata` ni `swichi-b`, basi swichi ikizimika, hifadhidata haitahesabiwa DOWN bali UNREACHABLE, yaani haifikiki na hali yake haijulikani. Mzazi huhesabiwa kwa kutazama kutoka kwenye seva ya Nagios kwenda nje: ni kifaa cha mwisho ambacho pakiti hupitia kabla ya kufika. Watu wengi hukosea hapa kwa kufikiria ukubwa wa kifaa badala ya njia. Vifaa vilivyo kwenye swichi ileile ya Nagios, pasipo kingine unachokikagua katikati, huachwa bila mzazi.

Lakini ukiishia hapo Jumanne ijayo utapata barua 27 vilevile, moja ya DOWN na 26 za UNREACHABLE. Kiolezo cha `linux-server` kina `notification_options d,u,r`, na kiolezo cha mpokeaji nacho kimeruhusu `u`. Herufi hizo ni aina za matukio: `d` kuzimika, `u` kutofikika, `r` kurejea. Mimi huiondoa `u` kwa mpokeaji wa zamu, kwa kumwandikia `host_notification_options d,r` katika maelezo yake, na kuiacha kwa vifaa, ili siku moja akitokea mtu anayetaka kuziona zote, kama vile anayeshughulikia viungo vya mtandao, apewe bila kugusa vifaa 43. Wapo wanaoiondoa kwenye kiolezo cha kifaa ili wamalize mara moja, nao hawajakosea. Ni suala la nani atakuja kuuliza nini baadaye.

Ukimaliza kuandika, usiipakie upya Nagios kabla ya kuendesha `nagios -v` ikifuatiwa na njia ya `nagios.cfg` yako; amri hiyo itakutajia kifaa kilichotaja mzazi asiyekuwapo au kundi ambalo halijaelezwa. Halafu jaribu, na hapa naomba uangalifu. Ukurasa wa Nagios una kitufe cha kutuma arifa maalumu ya kifaa, nacho kina chaguo la `Forced`. Ukiliweka alama, arifa hutoka bila kujali muda wala kama arifa zimezimwa. Ni jaribio zuri la barua pepe, lakini haliwezi kabisa kugundua tatizo lako, kwa kuwa linaruka geti lilelile lililokuzuia. Jaribio la kweli ni kuongeza kifaa cha uongo chenye anwani isiyojibu, mathalani 192.0.2.200 ambayo imetengwa kwa mifano tu, ukitumie kiolezo cha `seva-muhimu`, kisha uiache Nagios ikigundue yenyewe baada ya saa kumi na moja jioni au Jumamosi. Barua ikija ndani ya dakika chache, umepona.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba barua pepe ikishatoka imefika. Nagios huendesha amri ya kutuma, `notify-host-by-email`, ambayo huikabidhi barua kwa programu ya barua ya seva hiyo, na hapo kwa upande wake kazi imekwisha. Kiungo chako cha intaneti kikikatika, barua ya kukuarifu hivyo itakaa kwenye foleni ya seva ileile iliyokosa njia, na utaipata kiungo kikisharudi. Kwa vifaa ambavyo kuzimika kwake hakuvumiliki, weka njia ya pili isiyopita kwenye mtandao unaoukagua: modemu ya simu iliyochomekwa kwenye seva na inayotuma ujumbe mfupi ndiyo njia ya zamani, na bado inafaa. Na Nagios yenyewe ikizimika, nani atakuambia? Lazima kitu kilicho nje ya mtandao wako kiiangalie, hata kama ni ukaguzi mmoja tu kutoka mahali pengine.

Haya niliyoyasema yanakaa vivyo hivyo katika programu ndugu za Naemon na Icinga ya kwanza, ambayo ilichipuka kutoka Nagios mwaka 2009 na kuhifadhi uandishi wake. Icinga 2 ina lugha yake tofauti, ingawa malango ni ndugu wa haya.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. La kwanza: umesema unasimamia peke yako. Nikikufungulia 24x7, nimekuweka zamu ya usiku kila siku ya mwaka. Nagios inaweza kumpandishia arifa mtu wa pili kwa `hostescalation`, tuseme kuanzia arifa ya tatu, ila ujue kwamba kundi linalotajwa hapo huchukua nafasi ya lile la kawaida, hivyo uyataje yote mawili kama hutaki wa kwanza aachwe gizani. Lakini huyo mtu wa pili ni lazima awepo na awe amekubali, na hilo ulizungumze na mkuu wako ana kwa ana kabla ya kugusa faili lolote. Nenda na saa zako mbili mkononi, ile ya Alhamisi na ile ya Jumamosi, na orodha ya seva chache ambazo kweli zinastahili kumwamsha mtu. Zilizobaki, mashine za kuchapisha na za majaribio, ziache kwenye saa za kazi. Waandishi wa kile kiolezo hawakuwa wajinga.

La pili: ikiwa baada ya mabadiliko haya `nagios.log` inaonyesha mstari wa `HOST NOTIFICATION` wenye jina lako kwa saa iliyostahili, na barua haijafika, basi tatizo limetoka mikononi mwa Nagios. Usiendelee kuhariri vifaa. Mtafute anayesimamia barua pepe, akae nawe mbele ya seva, mkisoma pamoja kumbukumbu za programu ya barua, kwa kuwa seva nyingi za barua hukataa ujumbe unaotoka kwenye jina la mashine lisilotambulika. Mpelekee mstari ule kama ulivyo. Namba ndefu iliyo mwanzoni mwake ndani ya mabano ya mraba ni sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa saa ya UTC, na amri ya `date -d @` ikifuatiwa na namba hiyo itaigeuza kuwa saa ambayo nyote wawili mnaweza kuisoma.